Hatua ya Nne Haina Mwenzake

Jumamosi moja asubuhi, katika ukumbi wa kukodi hapa Machakos mjini, mvulana wa miaka kumi hivi alianguka mtihani wa mkanda kwa sababu aliongeza pigo moja. Alikuwa akitoka mkanda mweupe. Kata aliyopewa, yaani mfululizo wa hatua uliopangwa, ni Heian Shodan, ambayo wanafunzi wengi wa karate ya Shotokan huanza nayo. Ina hatua 21. Yeye alifanya 22. Mtahini akaandika kitu kwenye karatasi, akamwambia ajiandae kwa awamu ijayo. Msichana aliyemfuata alifanya zote 21, hakuongeza wala hakupunguza, akapita. Mimi nilikuwa kwenye benchi la wazazi, na niliondoka pale nikiamini kwamba kati ya wale wawili, aliyekuwa ameisoma kata ni yule aliyeanguka.

Kazi yangu ni kufundisha ushairi. Siwezi kutetea imani hiyo kwa maneno ya jumla; lazima niifungue kata yenyewe mstari kwa mstari, kama tunavyofanya darasani shairi linapoandikwa ubaoni.

Simama ukitazama Milima ya Iveti, miguu upana wa mabega. Mstari wa kwanza: geukia kushoto, mkono wa kushoto ufagie chini kukinga, kisha songa hatua moja na ngumi ya kulia. Mbili. Mstari wa pili: geukia upande ulioupa mgongo, ufagie tena chini, safari hii kwa mkono wa kulia, vuta mguu wa kulia nyuma kidogo, mwili uinuke, na mkono uleule uzunguke juu ushuke kama nyundo, halafu songa na ngumi ya kushoto. Tatu. Mstari wa tatu: rudi kuitazama Iveti, fagia chini, kisha panda hatua tatu, kila moja na kinga ya juu, mkono ukipanda mbele ya paji la uso. Kwenye ya mwisho toa kiai, ile sauti inayotoka tumboni. Nne.

Ukiwa umefika juu, zunguka kinyumenyume robo tatu ya duara mpaka utazame kulia. Fagia, ngumi. Mbili. Geukia upande wa pili: fagia, ngumi. Mbili. Sasa ipe Iveti mgongo ushuke: fagia, kisha ngumi, ngumi, ngumi, na kiai ya pili. Nne.

Robo tatu ya duara kwa mara nyingine, na hapo kila kitu kinabadilika. Uzito uliokuwa umeegemea mguu wa mbele unahamia mguu wa nyuma. Ngumi zinafunguka. Kwenye pande nne, mbili kushoto na mbili kulia, kiganja kinakata hewa kwa ubavu wake, na kila upande unapewa hatua moja tu. Moja, moja, moja, moja. Mguu wa kushoto unarudi, nawe umesimama palepale ulipoanzia.

Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya niiite kata hii utungo. Mbili, tatu, nne. Mbili, mbili, nne. Moja, moja, moja, moja. Beti mbili na kituo. Anayeitazama kwa mara ya kwanza huona hakuna mateke na ngumi ni nyingi, akadhani ni orodha ya mapigo ambayo mtoto amekaririshwa. Lakini orodha haina mizani, na hii inayo.

Tazama jinsi kila mstari unavyoanza. Kufagia chini kunatokea mara sita katika kata nzima, na mara zote sita ni mwili unapogeukia upande mpya. Hakuna hata mara moja ambapo mkono unafagia katikati ya mstari. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wangelitaja jina lake bila kusita: kikwamba, shairi ambalo neno moja hutangulia kila mshororo. Na kikwamba hiki kina hoja. Kinasema kwamba kila unapoelekea upande mpya, jambo la kwanza ni kusafisha njia iliyo mbele yako; kupiga kunakuja baadaye. Funakoshi Gichin, aliyeipa kata hii jina lake la sasa, alifundisha maisha yake yote kwamba mtu wa karate hapigi wa kwanza. Angeweza kulisema jambo hilo hotubani, na alilisema. Hapa limefungwa ndani ya umbo, mahali ambapo mtoto asiyejua Kijapani analitenda mara sita kabla hajaambiwa maana yake.

Kisha tazama kituo. Katika bahari ya msuko, kibwagizo hukatwa kifupi kuliko mishororo iliyotangulia, na sikio lililozoea urefu mmoja hushtuka. Hatua nne za mwisho ni msuko. Kikwamba kimetoweka, mistari imekatwa ikawa ya hatua mojamoja, na hata mkao wa mwili ni mwingine. Kwa nini mtungaji avunje mtindo wake mwishoni? Jibu langu liko kwenye kata inayofuata. Heian Nidan inaanza na mkao huohuo wa uzito nyuma, na kiganja kilichofunguka kinarudi humo. Kwa hiyo mwisho wa kata ya kwanza ni mlango wa ya pili. Ngazi imo ndani ya utungo wenyewe, kabla mtu yeyote hajafikiria kuuza mikanda ya rangi.

Sasa hatua ya nne, ile nyundo.

Kila kitu kingine katika kata hii kina ndugu yake. Kufagia kwa kushoto kuna kufagia kwa kulia. Kinga tatu za kupanda zinajibiwa na ngumi tatu za kushuka. Mzunguko mrefu wa kwanza una mzunguko mrefu wa pili. Hata kiai ni mbili. Nyundo peke yake haina mwenzake. Inatokea mara moja, kwa mkono wa kulia, kwenye mstari wa pili wa ubeti wa kwanza, na inaufanya ubeti huo uwe na hatua 9 wakati wa pili una 8. Ndiyo sehemu pekee ambapo mguu unarudi nyuma katikati ya mstari, na ambapo kichwa kinapanda juu ya urefu kilioushika tangu mwanzo.

Yule mvulana alipofika ubeti wa pili, kwenye hatua ya kumi na mbili, alifagia kwa mkono wa kulia kama inavyotakiwa, kisha akavuta mguu akapiga nyundo. Baada ya mtihani nilimwuliza kwa nini. Akanijibu kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa kidogo: "Kule mwanzo ilikuwepo, mwalimu. Na huku nimegeuka vilevile."

Alikuwa sawa. Mgeuko ni uleule, mkono ni uleule, mguu ni uleule. Sikio lake la ndani lilikuwa limeshika vina na mizani likangoja kina kirudi. Alifanya beti mbili za hatua 9, akaisahihisha kata kwa kufuata kanuni ambayo kata yenyewe ilimfundisha. Makosa ya namna hiyo huyafanya mtu anayesoma. Asiyesoma husahau hatua, au huchanganya kulia na kushoto. Haongezi kina mahali panapokiita.

Kwa nini basi kina hakirudi? Makocha wengi hueleza nyundo hivi: umefagia, na yule uliyemkinga amekamata kifundo cha mkono wako. Ndiyo maana unarudi nyuma na kuinuka. Unauchomoa mkono, na ukishauchomoa unaushusha kwa nguvu. Maelezo hayo nayakubali, kwa sababu yanaeleza vitu vitatu kwa pamoja: mguu, urefu na mzunguko wa mkono. Ukiyakubali, ubeti wa kwanza unakuwa ubeti wa mambo kumfika mtu. Anashambuliwa kushoto, kulia anashikwa, mbele anashambuliwa kichwani mara tatu. Ubeti wa pili hauna lolote kati ya hayo. Hakuna kushikwa, hakuna kinga ya juu, kuna kufagia na ngumi basi. Umepunguzwa mpaka umebaki mfupa. Mtu aliyeshikwa mkono mara ya kwanza, mara ya pili anapita mahali palepale hashikwi. Upungufu wa hatua moja ndio masimulizi yote ya kata hii, na anayejaza pengo hilo anafuta kitu ambacho kimesemwa kwa kunyamaza.

Basi mvulana alikosea, na ilistahili aambiwe. Ninachogombana nacho ni kwamba hakuambiwa chochote zaidi ya idadi. Na yule msichana aliyepita? Nilimtazama kwa makini. Kila alipogeuka, mwili ulitangulia na macho yakafuata. Alifagia kwanza, kisha akaangalia alichokuwa akifagia. Katika kata ambayo mistari yake yote inaanzia kwenye mgeuko, kugeuka bila kutazama ni kama kusoma shairi kwa kufuata vituo vya pumzi bila kuyafahamu maneno. Simlaumu, ni mtoto, na amefanya alichofundishwa kwamba kinahesabiwa. Sisi Wakenya tunaujua ugonjwa huu vizuri. Tuliuishi katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kuanzia 1985 hadi 2023, miaka ambayo mtoto aliweza kutaja sifa zote za kitu asichowahi kukishika mkononi.

Inafaa kukumbuka kwamba Heian Shodan nayo ilizaliwa darasani. Itosu Anko wa Okinawa, aliyeishi kati ya 1831 na 1915, ndiye anayetajwa kuwa mtungaji wa kata tano za mfululizo huu mwanzoni mwa karne ya 20, ili watoto wafundishwe kwa safu, wakienda kwa hesabu ya mwalimu. Mwaka 1908 aliandika barua ya vipengele kumi akitetea karate iingie shuleni. Aliziita Pinan. Funakoshi, mwanafunzi wake aliyehamia Tokyo mwaka 1922, baadaye akazipa jina la Heian, na akabadilisha nafasi za mbili za kwanza: iliyokuwa ya pili akaifanya ya kwanza, kwa kuwa ni nyepesi zaidi kwa mgeni. Hii tunayoitahini leo kama kata ya kwanza ilitungwa ikaitwa ya pili. Shule nyingi za karate zinazotumia bado jina la Pinan zimehifadhi hesabu ya zamani. Namkumbusha hilo kila mzazi anayeuona mpangilio wa mikanda kana kwamba umeshuka kutoka mbinguni.

Mikanda yenyewe ni michanga. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, aliifungua Kodokan mwaka 1882. Mwaka uliofuata aliwapa wanafunzi wawili daraja la kwanza la dani, na mkanda mweusi ukafuata katikati ya miaka hiyo ya 1880. Funakoshi alitoa dani za kwanza za karate mwaka 1924. Mfuatano wa rangi tunaoujua unahusishwa zaidi na Kawaishi Mikinosuke, mwalimu wa judo aliyefundisha Paris katika miaka ya 1930 na kuona kwamba wanafunzi wake wa Ulaya walihitaji vituo vya karibukaribu njiani. Ile hadithi ya mkanda mweupe uliogeuka mweusi kwa jasho na vumbi la miaka mingi inapendeza, lakini haina msingi.

Wapo wanaosema ada ndiyo iliyoharibu mkanda. Sikubaliani nao, na sababu yangu iko hapahapa Ukambani. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyekaa kwa Wakamba kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kuchapisha kitabu chake Uppsala mwaka 1920, alieleza ngazi ambazo mwanamume alizipanda: mwanake, kisha nthele akishaoa, kisha mutumia, na ndani ya utumia wenyewe zilikuwepo daraja, hadi wazee wa nzama, yaani baraza, na wazee wa ithembo, mahali pa kutambikia. Kupanda kulitolewa kitu: mbuzi, pombe. Hakuna aliyeona aibu juu ya mbuzi. Lakini kila ngazi ilimkabidhi mtu kazi mbele ya watu walewale waliokula mbuzi wake. Wa nzama aliketi kusikiliza kesi. Wa ithembo alitambika mvua ikikawia. Ngazi ilijulikana kwa mzigo wake. Swali ninalowauliza walimu wa karate ni hili: mtoto akishafunga mkanda wa manjano, amekabidhiwa nini ambacho jana hakuwa nacho? Kama jibu ni kata inayofuata tu, basi tumempa foleni. Kama jibu ni kwamba sasa anamshika mkono mgeni wa mkanda mweupe na kumwonyesha kwa nini nyundo hairudi, hapo naiona ngazi.

Najua pia wapo wanaoitupilia mbali kata yote, wakisema ni kupigana na hewa. Hao siwezi kuwajibu kwa ukali, kwa sababu kata iliyofundishwa kwa hesabu tupu ndivyo ilivyo hasa. Ilipofika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, kata ilikuwa na medali zake mbali na mapigano. Kiyuna Ryo wa Okinawa alishinda kwa wanaume na Sandra Sánchez wa Uhispania kwa wanawake. Ukiwatazama wale wawili, utaona kwamba macho yanafika kabla ya mwili. Hewa mbele yao ina mtu.

Mfano unaonisaidia zaidi kulieleza jambo hili umechimbwa kwenye milima iliyo mbele ya ukumbi ule. Mwaka 1937 ofisa wa kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti juu ya ardhi ya Machakos iliyokuwa ikimomonyoka, na kwa maelezo yake mtu angedhani nchi hii imekwisha. Leo mabega ya Iveti yamepangika matuta juu ya matuta. Mtindo ulioshinda unaitwa fanya juu: unachimba mtaro kufuata kontua, na udongo unaoutoa unaurusha upande wa juu, ukawa ukingo. Ukimaliza, shamba bado lina mteremko uleule. Hujasawazisha chochote. Ni mvua inayosawazisha: inateremsha udongo hadi kwenye ukingo, unasimama hapo, na msimu baada ya msimu mteremko unageuka ngazi. Mkulima ameweka umbo. Yaliyobaki yanafanywa na maji na miaka.

Kata hufanya kazi hivyo. Mtoto wa miaka kumi hawezi kuelewa kukamatwa mkono, kunyamaza kwa mstari wa tano, wala uzito unaohamia nyuma. Anaweza kuchimba mtaro na kurusha udongo juu. Nasi tunaompima tunapaswa kujua tunapima nini. Katika miaka ya 1940 kazi ya matuta hapa ilifanywa kwa amri, watu wakitolewa kwenye shughuli zao, na kazi ya kulazimishwa ilichukiwa kama ilivyostahili. Miaka iliyofuata watu waliichukua wenyewe kwa mwethya, vikundi vya kusaidiana vilivyokuwa vyao tangu zamani, wakachagua mtindo uliowafaa, na matuta yakasambaa yakadumu. Jembe lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni kwamba aliyechimba alijua maji yatapita wapi.

Kwa hiyo kama ningeombwa kuutunga mtihani wa mkanda wa kwanza, nisingeondoa hesabu. Shairi lenye mizani pungufu tunaliita guni, na mwanafunzi ana haki ya kujua amelitunga guni. Ningeongeza mambo mawili tu. La kwanza, ningekaa mahali ambapo naona macho ya mtoto, na kila mgeuko uliotangulia macho ningeuandika. La pili, ningemwuliza swali moja, kwa Kiswahili au Kikamba, asimame kwa raha akijibu: kwa nini nyundo iko mara moja? Sihitaji jibu langu. Mtoto anaweza kusema kwamba adui wa pili ni mwoga, na mimi ningempa mkanda, maana ameona kuna adui wa pili.

Mama yake yule mvulana alinifuata mlangoni, begi la nguo za karate begani. "Mwalimu, hebu nieleze, amekosea wapi?" Nilimhesabia kwa vidole: mbili, tatu, nne, mbili, mbili, nne. Alizirudia kwa sauti ndogo, akanyamaza, akasema, "Kwa hiyo aliona zinafanana."

"Aliona, mama."

Mwanawe alikuwa nyuma ya ukumbi, peku kwenye kokoto, ameanza upya peke yake. Alifika juu, akatoa kiai yake kuelekea milimani, akazunguka robo tatu. Fagia, ngumi. Akageuka, akafagia kwa mkono wa kulia. Mguu wa kulia ulianza kuvutika nyuma, kisigino kikainuka, kikasita, kikarudi chini. Akasonga na ngumi ya kushoto. Kisha akatupa macho juu ya bega lake la kushoto, akatazama kwa muda, ndipo akageuka.